Dola ya Sultani na rupia za sandukuni

Agosti 2021, katika mnada mmoja nchini Marekani, kipande cha fedha chenye uzito wa gramu 27 kasoro kidogo kiliuzwa kwa dola milioni 7.68. Kwa shilingi yetu ya wakati ule hizo ni zaidi ya bilioni 17. Upande mmoja kina sura ya mwanamke aliyefunga nywele kwa utepe, upande wa pili kina tai, na chini ya sura ile zimeandikwa tarakimu nne: 1804. Wamarekani wenyewe wanakiita mfalme wa sarafu zao. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kukitazama kwa karibu zaidi, maana wataalamu wa sarafu wanakubaliana kwamba ndicho alichopelekewa zawadi Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar, mwaka 1835.

Naandika habari hii nikiwa Gendabi, wilayani Hanang, ambako mtu akiulizwa mali yake hutaja ng'ombe na ekari. Hata hivyo sarafu za kale zipo huku. Zimo katika masanduku ya akina bibi, chini ya vitenge na kadi za kliniki za watoto ambao sasa ni wazee: senti kumi zenye tundu katikati, shilingi za Mwingereza zenye simba, na mara moja moja rupia ya Mjerumani yenye sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya kijeshi yenye tai juu yake. Madalali wanajua kwamba zipo. Wanapiga simu kutoka mjini, wanaomba wapigiwe picha, wanataja mamilioni. "Mama, kuna hela za zamani humo ndani?" Na kwa kuwa wengi wetu hatujui bei ya sarafu kuukuu inatoka wapi, tunaishia kwenye moja ya makosa mawili: kuuza kitu cha thamani kwa bei ya vocha, au kukosa usingizi tukilinda kitu kisichofika bei ya soda.

Ndiyo maana nataka kuieleza dola ya Sultani kwa kirefu. Sijui sarafu nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kwamba bei haikai kwenye madini.

Habari inaanza Zanzibar. Mwaka 1827 alifika huko mfanyabiashara mmoja kutoka Portsmouth, New Hampshire, aitwaye Edmund Roberts. Biashara yake haikwenda alivyotaka, lakini mwaka uliofuata alionana na Seyyid Said mwenyewe, na wakazungumza juu ya mkataba kati ya nchi zao. Roberts alirudi kwao akaipeleka hoja hiyo kwa wakubwa, na Rais Andrew Jackson akamtuma rasmi. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, mkataba ulitiwa saini. Wafanyabiashara wa Marekani waliruhusiwa kuingia katika bandari zote za Sultani kwa ushuru wa asilimia tano. Kwa mlango huo meli za mji wa Salem, Marekani, zilizidi kumiminika Zanzibar zikileta kile kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Mkataba ulipaswa kurudishwa ukiwa umethibitishwa, na desturi ilitaka zawadi. Novemba 1834 serikali ya Marekani iliagiza kiwanda chake cha sarafu kilichoko Philadelphia kitengeneze seti kamili za sarafu za nchi, kila aina iliyokuwa ikitumika, ziwekwe kwenye visanduku vya ngozi kwa ajili ya watawala wa mashariki. Hapo mafundi walikwama. Dola ya fedha ilikuwa ni sarafu halali ya nchi, lakini ilikuwa haijafuliwa kwa miaka 30. Ilisimamishwa kwa sababu kila zilipotoka zilikimbilia nje: wafanyabiashara walizipeleka visiwa vya Karibi, wakazibadilisha moja kwa moja na dola za Kihispania zilizokuwa nzito kidogo, kisha wakaziyeyusha hizo na kupata faida.

Mafundi wakafungua vitabu. Vitabu vilisema mara ya mwisho dola zilitoka kiwandani mwaka 1804, vipande 19,570. Wakachonga mihuri mipya ya chuma yenye mwaka huo. Ambacho vitabu havikusema ni kwamba dola zile za 1804 zilifuliwa kwa mihuri ya miaka ya nyuma, kwa hiyo hakuna hata moja iliyokuwa na tarakimu 1804. Sarafu zilizotengenezwa kwa ajili ya Seyyid Said na wafalme wenzake ndizo dola za fedha za Marekani za kwanza kubeba mwaka huo, na zilizaliwa miaka 30 baada yake. Kwa Seyyid Said mwenyewe mwaka 1804 haukuwa mwaka wa kawaida. Ndio mwaka ambao baba yake, Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini, yeye akiwa kijana wa miaka 13 hivi.

Safari ya zawadi nusura iishie njiani. Roberts alisafiri kwa manowari Peacock, akapita Zanzibar mwanzoni mwa Septemba 1835, kisha akaelekea Muscat. Usiku wa kuamkia tarehe 21 meli ikapanda kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Masirah. Mabaharia walitupa mizinga baharini kuipunguzia uzito, huku Roberts akishuka kwenye mashua ndogo pamoja na watu wachache na kwenda kuomba msaada Muscat. Seyyid Said alituma watu na chombo chake, na baadaye akaamuru hata ile mizinga iliyotupwa iopolewe na kurudishiwa wenyewe. Mwisho wa mwezi hati zilibadilishwa na zawadi zikakabidhiwa. Roberts aliendelea hadi Siam (Thailand ya leo), akampa mfalme wa huko kisanduku kama hicho Aprili 1836, kisha akaugua na kufia Macau mwezi Juni. Visanduku vilivyoandaliwa kwa watawala wa Cochinchina (Vietnam ya leo) na Japani havikufika.

Seyyid Said hakuwa mtu wa kupokea bila kurudisha. Mwaka 1840 meli yake Sultana, ikitoka Zanzibar chini ya Ahmad bin Na'aman, ilitia nanga New York ikiwa na karafuu, pembe, kahawa na tende za kuuza, pamoja na farasi, lulu na shali za Kashmir za kumpa Rais. Mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa alihamishia makao yake Zanzibar moja kwa moja, na kutoka hapo alitawala hadi alipofariki baharini Oktoba 1856.

Na dola yake? Hapo ndipo karatasi zinanyamaza. Baada ya kifo chake milki iligawanywa, mwanawe Majid akabaki na Zanzibar na mwanawe mwingine, Thuwaini, akabaki na Muscat, na hakuna orodha yoyote inayosema kisanduku kile kilimwendea nani. Sarafu inaibuka Uingereza, mikononi mwa mkusanyaji wa Liverpool aitwaye C. A. Watters, na mwaka 1917 inauzwa kwa mnada London kwa pauni 330. Kutoka 1835 hadi 1917 ni miaka 82 isiyo na hata risiti moja inayojulikana. Baada ya hapo kila hatua imeandikwa: muuza sarafu wa Philadelphia Henry Chapman, tajiri wa bia wa Chicago Virgil Brand, familia ya Childs kuanzia 1945, mnada wa Agosti 1999 ilipofika dola milioni 4.14 na kuvunja rekodi ya dunia, kisha mkusanyaji D. Brent Pogue, kisha bei niliyoanza nayo.

Msomaji atauliza, kwa nini kipande hiki kizidi vingine? Sababu ya kwanza ni uchache. Dola hii ilipouzwa 2021, dola za 1804 zilizojulikana zilikuwa 15 tu, za matabaka matatu. Nane ni za kundi la zawadi. Moja ilifuliwa baadaye juu ya sarafu ya Uswisi ya mwaka 1857, na hiyo iko Makumbusho ya Smithsonian. Sita nyingine zilitengenezwa baada ya wafanyakazi wa kiwanda kugundua kwamba wakusanyaji wangelipa chochote kuzipata. Zote 15 zimetoka kiwanda cha serikali, zote zinadanganya mwaka, lakini bei hazilingani, kwa sababu wanunuzi wanajua kila moja ilitengenezwa kwa lengo gani.

Sababu ya pili ni hali ya sarafu. Wakusanyaji wa Marekani hutumia kipimo cha daraja 1 hadi 70, kilichoasisiwa na William Sheldon mwaka 1949 na kutumika leo na kampuni kama PCGS na NGC, ambazo huikagua sarafu, huipa daraja na kuifungia ndani ya kasha la plastiki. Dola ya Sultani imepewa 68. Haijawahi kununua kitu sokoni, haijakaa mfukoni pamoja na funguo, na, hili ni la kushika sana, hakuna mtu aliyeisugua. Rangi yake imekolea kama inavyokolea fedha iliyotulia mahali pamoja kwa miaka mingi, na kukolea huko kunalipiwa.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni habari inayoambatana nayo. Kwa zaidi ya miaka 100 Wamarekani walibishana kuhusu asili ya dola ya 1804. Sarafu hiyo ilijulikana kwa umma mwaka 1842 ilipochorwa katika kitabu cha maofisa wa kiwanda. Mwaka uliofuata Matthew Stickney, mkusanyaji wa Salem, mji uleule uliokuwa ukifanya biashara na Zanzibar, alikwenda kiwandani akapata moja kwa kubadilishana. Baada ya hapo wengine walisema kweli ni za 1804, wengine wakasema ni za kughushi, na kila mwenye kuimiliki alitetea mali yake. Mwaka 1962 watafiti wawili, Eric Newman na Kenneth Bressett, walimaliza kitabu kilichodai kwamba sarafu hizo ni za zawadi za 1834. Kitabu kikiwa tayari kutoka, ikatokea seti ya mfalme wa Siam, ndani ya kisanduku chake cha ngozi ya manjano, sarafu za mwaka 1834 zikiwa zimepangwa pamoja na dola ya 1804. Ubishi ukafa siku hiyo. Sarafu hiyo peke yake isingeweza kutoa ushahidi huo. Kilichoushinda ubishi ni kisanduku, na ukweli kwamba hakuna aliyekivunja.

Kisanduku cha Sultani hakikubahatika hivyo. Dola yake iliuzwa peke yake, na uhusiano wake na Seyyid Said umejengwa kwa hoja za wataalamu. Hoja hizo ni nzuri, lakini ingetosha barua moja ya zamani, mstari mmoja katika daftari la karani wa Muscat au wa kasri la Mtoni, Zanzibar, kumaliza kila swali. Nakiri kwamba jambo hili linaniuma. Kitu kilichotolewa kwa mtawala wa pwani yetu kimekuwa hazina ya dunia, na kipande cha habari zake kinachokosekana ni kile cha huku kwetu.

Sasa tuiweke kando ya sarafu nyingine ambayo Seyyid Said aliiona kila siku. Fedha iliyotawala masoko ya Zanzibar wakati wake ilikuwa riale ya Maria Theresa, ambayo watu waliiita reale ya Shamu, yenye sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780. Ina gramu 28 kwa jumla, na fedha safi ndani yake ni gramu 23 na kitu. Dola ya 1804 ina gramu 24 za fedha safi. Sonara akiziyeyusha zote mbili atapata karibu kiasi kilekile. Hata uongo wa mwaka zinashirikiana, kwani Maria Theresa alifariki 1780 na sarafu yake ikaendelea kufuliwa kwa mwaka huohuo Vienna, Rome, London, Bombay na kwingineko, hadi karne ya 20, mamia ya mamilioni ya vipande. Kwa sababu ziko tele, riale nyingi za 1780 leo huuzwa karibu na bei ya fedha iliyomo. Hivyo mtu akikuambia sarafu yako ni ghali kwa sababu imeandikwa mwaka wa zamani, mwambie hilo peke yake halitoshi.

Hata uchache wenyewe unaweza kuyeyuka. Dola ya Marekani ya aina ya Morgan iliyofuliwa New Orleans mwaka 1903 ilidhaniwa kuwa adimu mno, kwani mamilioni ya dola za fedha yaliyeyushwa kufuatia sheria ya mwaka 1918. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilihesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola elfu moja. Mwishoni mwa 1962 hazina ya serikali ikafungua maghala yake na mifuko ikatoka na maelfu ya sarafu hizo, mpya kabisa. Bei ikaanguka hadi makumi ya dola. Walionunua wiki moja kabla walibaki na sarafu ileile, fedha ileile, mwaka uleule.

Turudi kwenye masanduku ya Hanang. Rupia za Kijerumani zilianza kufuliwa 1890 na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1904 serikali ya koloni ikachukua kazi hiyo, rupia moja ikiwa na heller 100. Zilisambaa bara kwa nguvu ya kodi: amri ya mwaka 1897 ilitaka rupia tatu kwa kila nyumba ya kijijini, na aliyekosa alifanya kazi au aliuza mnyama. Rupia ya kawaida ina gramu 11.66 za fedha iliyo safi kwa asilimia 91 na ushei. Nyingi zimebaki na nyingi zimechakaa, na bei yake kwa wakusanyaji ni ya wastani. Kipande cha rupia mbili cha 1893 au 1894 ni kitu kingine. Na dhahabu ya rupia 15 iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, yenye tembo na mlima, ni kitu kingine kabisa. Vipande vyake havikuzidi elfu 17, ndiyo maana karibu kila tapeli anayo ya bandia. Tabora hiyohiyo ilitoa pia heller 20 za shaba ya njano. Mafundi wa Kidatoga wanajulikana kwa ufundi wa kuyeyusha shaba chakavu na kutoa bangili nzuri, na heller ikiingia kwenye tanuri pamoja na makufuli na mabomba, inatoka bangili. Sitamlaumu fundi kwa hilo. Ningependa tu aitazame kwanza.

Kuna na ule uvumi wa mali za Mjerumani, wa kuchimba karibu na maboma ya kale na chini ya miti yenye alama, na wa rupia zenye nguvu za ajabu ambazo eti zinatafutwa na matajiri wa nje. Watu wameuza mifugo kugharamia mashimo hayo na wengine wamezikwa humo na udongo. Soko halisi la sarafu halijui nguvu yoyote ya ajabu. Mnunuzi wa kweli anauliza uzito, anapima upana, anatazama ukingo, anataka kujua imetoka wapi. Anayekuomba "pesa ya vipimo" kabla hajaiona sarafu ni mwizi. Na mtu akikuletea dola ya 1804 kwenye mnada wa Katesh, jua kwamba zile chache za kweli zinafuatiliwa moja moja, na vya kuiga vimejaa dunia nzima. Hata Marekani kwenyewe walaghai walikuwa wakichukua dola ya 1801 na kuikwangua tarakimu ya mwisho iwe nne.

Kwa mwenye sarafu mkononi, kazi ya kwanza ni kuiacha kama ilivyo. Usiisugue kwa majivu, mchanga, ndimu wala dawa ya meno, na usimpe mtu aing'arishe. Mng'ao huo ndio unaoondoa bei, na haurudishiki. Ifunge katika karatasi kavu, usiitie kwenye mfuko mmoja na nyingine zikakwaruzana. Ipeleke kwa sonara mwenye mzani akupimie uzito kwa gramu, akifanya hivyo mbele yako. Ipige picha pande zote mbili na ukingoni.

Kisha kaa na mwenye sanduku, bibi au babu, umuulize: ilikuja vipi? Alipewa na nani, mwaka gani, ilikuwa malipo ya nini? Iandike kwenye daftari pamoja na jina lake na tarehe ya siku hiyo, na nakala moja ikae nyumba nyingine, kwa ndugu wa kijiji kingine ikiwezekana. Gendabi haihitaji kuelezwa sababu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika makazi hapa, Jorodom na Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mbele ya msiba huo sarafu si kitu. Lakini wazee waliokuwa wakijua habari za ukoo walikuwa miongoni mwa watu wetu, na walichokijua hakikuwa kimeandikwa popote.

Kuhusu kuuza, sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Kinachotazamwa ni mwaka kitu kilipotengenezwa, kwa hiyo riale yenye 1780 inaweza kuwa ndani ya sheria au nje yake, na hilo huamuliwa na mtu anayeweza kutofautisha mhuri mmoja na mwingine. Njia fupi kwa mtu wa Hanang ni kuanza na afisa utamaduni wa wilaya pale Katesh, na picha zako pamoja na daftari, ukiomba maelezo yako yafikishwe Makumbusho ya Taifa. Sarafu yenyewe iache nyumbani hadi ujue ni nini.